Mabaka kwenye Kioo cha Rubani

Asubuhi hiyo pale Kilwa Masoko, kwenye benchi la kahawa la Bi Kijakazi, Valentini alikishika kikombe mpaka kikapoa mkononi. Kazi yake ni kuosha vindege vinavyotua uwanjani. Jana mgeni mmoja, vidole vimejaa mafuta ya sambusa, alikuwa akimwonyesha mwenzake kisiwa, akaigusa ile skrini inayomwambia rubani yuko juu kiasi gani na anaelekea wapi. Valentini alikwisha kuambiwa: kitambaa laini, maji kidogo, basi. Alama za vidole zikagoma kutoka. Akapuliza dawa ya madirisha, na ule utando mwembamba unaozuia mng'ao wa jua ukabanduka mabaka mabaka, kama mgongo wenye mba. Ndege inaruka saa nne.

— Paka dawa ya meno, alisema Klementi, fundi baiskeli, wanayemwita Injinia. Taa ya pikipiki yangu niliisugua hivyo hivyo, leo inamulika mpaka Tingi!

— Injinia wa pedeli, tupishe! Huyo Benjamin, fundi simu, jina la kijiweni Protekta. Mimi nabandika protekta za simu, mbili, nafuta mapovu. Nani atajua?

— Na mstari wa katikati, zinapokutana? Klementi akauliza.

— Atadhani ndipo bahari inapokutana na mbingu.

Bi Kijakazi akacheka, birika likamtikisika.

— Mtamzamisha mwana wa watu!

— Basi rubani aende Dar kwa kupitia Songea, Klementi akasema. Jua libaki kisogoni.

— We Klementi! Benjamin akadakia. Jua la kisogoni si ndilo linaloangukia kioo?

Valentini hakucheka.

— Nikimwambia, sina kazi. Nisipomwambia...

Mama mmoja alikuwa amesimama karibu yao, mtoto mgongoni, mkoba mkononi.

— Shikamoo, Bi mkubwa.

— Marahaba, mwanangu.

— Naulizia uwanja wa ndege, tunapanda hiyo ya saa nne. Nimewasikia mkisema kioo kimeharibika. Rubani mwenyewe anasemaje?

Benjamin akainamia simu yake. Klementi akaendelea kutafuna kashata aliyokwisha kuimeza. Bi Kijakazi akapangusa kikombe kikavu.

Valentini akaweka kahawa chini, hajaionja.

— Nyoosha na barabara hii, mama, uje taratibu. Rubani bado hajui. Natangulia nikamwambie.