Bendera ya Falkirk

Gitonga: Haloo? Haloo, nani anaongea? Ongea kwa nguvu, nakusikia nusu.

Alfred: Gito! Ni mimi. Ni Alfred. Unanipata?

Gitonga: Aaah, Mwingereza! Sauti yako inakuja vipande vipande. Sema, buda. Uko poa?

Alfred: Salama. Sikiliza, uko nyum—

Gitonga: Leo hukuja na ile sauti ya mfalme? Kila mwaka ikifika msimu wa Falkirk, ile vita mlitupiga sisi Waskoti miaka mia saba iliyopita, unanipigia na hiyo sauti ya kikohozi. "Mfalme Edward anauliza kama Waskoti mmesalimu amri." Leo mfalme ana mafua?

Alfred: Gito, uko nyumbani?

Gitonga: Niko Lakeville kwa nyumba yangu, napiga uniform pasi, naingia night shift. Nkatha anaangalia katuni. Kwani?

Alfred: Na shemeji? Philister amefika?

Gitonga: Ebu nisalimie mimi vizuri kwanza, halafu uulizie bibi yangu. Adabu ya Muheza imeenda wapi?

Alfred: Shikamoo basi, kaka. Amefika?

Gitonga: [anacheka] Marahaba. Bado. Na najua unamtafutia nini. Unataka yeye anilainishe nifunge ile shuka yenu kwa gari. Haiwezi, Alfred. Bendera ya Waingereza haitaguza gari yangu.

Alfred: Siyo habari ya ben—

Gitonga: Utasema tulikubaliana. Sawa, tulikubaliana, anayeshindwa anabeba bendera ya mwenzake wiki nzima. Siku ya Bannockburn ulibeba yetu mpaka kanisani, nakupa heshima yako. Lakini Falkirk? Mlisimama mbali mkarusha mishale. Hiyo si vita. Hiyo ni mvua.

Alfred: Gitonga!

Gitonga: Babu yangu alibatizwa na Mskoti kule Chogoria, kama wako na Mwingereza kule Muheza. Siwezi kuaibisha kaburi lake kwa parking ya—

Alfred: Nyamaza kidogo, tafadhali! Weka taarifa ya habari kwenye TV. Daraja limeanguka. La barabara kuu ya 35W, hapa mtoni, karibu na chuo. Limeanguka lote, na magari juu yake.

[mikwaruzo]

Gitonga: [anacheka sana] Woi, Alfred! Sasa Stirling umeileta mpaka Minneapolis?

Alfred: Sitanii.

Gitonga: Miaka yote mimi ndiye nakuimbia hiyo. Mlivuka daraja wawili wawili kama watoto wa nursery wanapelekwa choo, Waskoti wakawangoja ng'ambo, mkaishia kwa maji na mashati yenu ya chuma. Umechoka kuchekwa, ndio unajenga daraja lako?

Alfred: Gito, naomba. Nakuomba uwashe—

Gitonga: Wewe ndiye uliniambia ziwa limemeza gari yangu, nimeipaki juu ya barafu hapo karibu. "Barafu imepasuka, Gito, kimbia!" Nikatoka kwa snow na slippers na taulo. Yule jirani mpaka leo akiniona anashika watoto wake.

Alfred: Ule ulikuwa utani.

Gitonga: Na huu?

Alfred: Sikia mwenyewe. [ving'ora] Unasikia?

Gitonga: Siren unatoa kwa internet. Mtu aliacha digrii ya historia ikiwa imebaki madarasa mawili, apate muda wa kusumbua watu kwa simu, atashindwa na siren?

Alfred: Naapa kwa mama yangu.

Gitonga: Hata siku ya barafu uliapa na huyo huyo mama. [anacheka] Ngoja. Ngoja kidogo. Mbona bado ni mchana?

Alfred: Nini?

Gitonga: Wewe hunipigii kabla ya saa tatu usiku. Hata siku ulipasuliwa appendix ulingoja saa tatu, dakika ziwe za bure. Nurse anakuambia lala, wewe unaangalia saa ya ukuta.

Alfred: Ndiyo.

Gitonga: Na hujaniambia nikate nipige mimi.

Alfred: Weka taarifa ya habari, kaka.

Gitonga: Nkatha. Lete remote. Najua haijaisha, lete tu.

[Muziki wa katuni unakatika. Sauti ya mtangazaji, haisikiki vizuri.]

Gitonga: Woi.

Alfred: Umeona?

Gitonga: Woi, woi. Hiyo barabara imelala kwa maji. Nkatha, enda kwa room yako. Go, mami, daddy atakuja. Funga mlango. Alfred, hii ni leo?

Alfred: Ni sasa hivi.

Gitonga: Na ni saa ya watu kutoka kazi. Ai, watu wa wenyewe. Lakini Mungu ni mwema, Philister hapiti huko. Leo wako na training kazini Maple Grove, akitoka anashika barabara ya 494, anazunguka huku chini. Hilo daraja hata hajui liko upande gani. Asante kunipigia, ningeona peke yangu ningeshtuka vibaya.

[ving'ora kwa upande wa Alfred]

Gitonga: Alfred? Umepotea?

Alfred: Nipo.

Gitonga: Mbona umenyamaza?

Alfred: Hakukuwa na training.

Gitonga: Ati?

Alfred: Leo hakubaki Maple Grove. Alitoka mapema.

Gitonga: Wewe unajuaje? Alikuwa wapi?

Alfred: Kwangu.

[mikwaruzo]

Gitonga: Rudia hiyo.

Alfred: Usinifikirie hivyo, Gito, nakuomba. Alikuja kuchukua bendera.

Gitonga: Bendera gani?

Alfred: Ya Falkirk. Tulipanga mimi na yeye. Angeifunga nyuma ya gari lako wakati unaoga, uende nayo mpaka kazini bila kujua. Wiki nzima tunacheka. Hiyo training aliitunga ili apate nafasi ya kupita kwangu.

Gitonga: Aliondoka saa ngapi?

Alfred: Alikunywa chai. Nikamsindikiza mpaka kwenye gari. Nikarudi nikaosha vikombe. Vikombe viwili tu, Gito. Nilikuwa nafuta cha pili nikasikia mshindo. Nikadhani ni treni.

Gitonga: Kutoka kwako mpaka darajani ni kama wapi?

Alfred: Ni hapo tu.

Gitonga: Ni hapo tu. Na hiyo njia haijui. Nani alimwonyesha, Alfred?

Alfred: Mimi. Alitaka kurudi kule alikotokea. Nikamwambia 35W inanyooka moja kwa moja mpaka Lakeville, hata kona hakuna. Nikamwambia—

Gitonga: Ulimwambia nini?

Alfred: Nikamwambia vuka bila wasiwasi shemeji, leo Waskoti hawapo.

Gitonga: Umejaribu simu yake?

Alfred: Mpaka kidole kinauma. Inaenda voicemail. Laini zote zimejaa, hata wewe nimekupata kwa bahati.

Gitonga: Na bado ukaniacha nikuongeleshe mambo ya mishale. Mambo ya mvua.

Alfred: Hukunipa nafasi ya—

Gitonga: Ulikuwa nayo! "Shemeji amefika?" Ndio umepata tu hiyo ya kuniambia? Hiyo tu?

Alfred: Nilitaka useme ndiyo. Basi. Useme amefika, nikate simu, nisiwe na cha kukueleza.

Gitonga: Wewe mtu— Ngoja. Ngoja, kuna kitu inaungua. [kishindo] Pasi. Uniform imeungua. Wacha iungue. Sasa wewe uko wapi? Usiniambie umekaa kwa nyumba.

Alfred: Niko mtoni. Polisi wamefunga kamba, nimesimama huku juu kwenye ukingo.

Gitonga: Unaona nini? Usinifiche. Mimi ni nurse, ongea na mimi kama nurse.

Alfred: Barabara imekatika vipande. Katikati imelala bapa majini, magari yamekaa juu yake kama yameegeshwa. Kuna watu wanatembea juu. Huku upande wangu imeinama, imelalia treni ya mizigo.

Gitonga: Corolla ya kijani.

Alfred: Natafuta.

Gitonga: Iko na ule mkwaruzo kwa mlango.

Alfred: Naijua, Gito. Natafuta. Jua linanipiga usoni. Bendera aliibana dirishani wakati anaondoka, kwa mzaha tu, ikawa inapepea. Kwa hiyo natafuta kitu cheupe chenye msalaba mwekundu.

Gitonga: Na?

Alfred: Watu wa Msalaba Mwekundu wameshafika, kaka. Wako kule ng'ambo wengi. Kila ninapotazama naona nguo nyeupe yenye msalaba mwekundu.

Gitonga: Alfred, kuna simu ingine inaingia. Namba siijui.

Alfred: Ipokee!

Gitonga: Na ikiwa ni hospi—

Alfred: Ipokee! Mimi sitoki hapa!

[mlio]

Alfred: Gito? ... Umeshaenda. Hunisikii. Basi chukua. Chukua Falkirk, tuseme mlishinda nyinyi. Chukua na Dunbar. Chukua na Halidon Hill, ile niliyokusumbua nayo Krismasi mpaka ukakataa pilau. Stirling nitaiimba mimi mwenyewe, kila mwaka, mbele za watu, nitavaa hata ile sketi ya Waskoti. Vyote vyenu. Mungu, umesikia? Mpe vyote, mimi nibaki na sifuri. [mlio mfupi] Aa, betri. Usinifanyie hivyo. Usinifanyie hivyo sasa hivi.

Gitonga: Alfred.

Alfred: Nipo! Nipo!

Gitonga: [analia] Ni yeye.

Alfred: Yeye nani? Anaongea?

Gitonga: Anaongea! Ametumia simu ya mama mmoja mzungu. Ako hai, Alfred. Foleni ilikuwa imekwama, ndio alikuwa anaingia kwa daraja tu. Akaona gari la mbele linashuka kama liko kwa lift. Yake ikainama, ikakwamia chuma. Amepanda na mikono. Anasema mgongo unamuuma, na viatu hajui vilienda wapi.

Alfred: Asante. Asante, Bwana. Asan—

Gitonga: Bendera hairudi.

Alfred: Achana na bendera!

Gitonga: Nakuambia vile ameniambia. Ameichana, amefunga mguu wa mzee fulani alikuwa anavuja damu. Hatoki hapo mpaka huyo mzee abebwe. Ati ananiambia mimi nitulie. Mimi!

Alfred: Gito, naomba unisa—

Gitonga: Hapana.

Alfred: Nataka tu kusema—

Gitonga: Usiseme. Tutaongea mimi na wewe, lakini si leo. Leo nikikusikia sana nitakuambia kitu hatutaweza kukirudisha. Ako upande wako, chini, karibu na hiyo treni. Enda.

Alfred: Polisi hawaruhusu mtu ku—

Gitonga: Waambie ni dada yako.

Alfred: Nateremka. Nateremka sasa hivi.

Gitonga: Na umlete mpaka kwa mlango wangu. Pitia St. Paul, zunguka Minnesota yote, sijali. Lakini usimpitishe kwa daraja.

Alfred: Kaka, kufika kwako lazima tuvuke mto.

Gitonga: Basi mkivuka umshike mkono.

Alfred: Nitamshika.

Gitonga: Na zile hadithi za vita usimpigie njiani. Hata moja. Hata akikuuliza.

Alfred: Sitasema kitu. [anahema] Excuse me, officer, dada yangu, my sister, yule pale chini— asante, asante. Gito, amenipisha.

Gitonga: Unamwona?

Alfred: [mlio mfupi] Betri inalia.

Gitonga: Nimeuliza unamwona?

Alfred: Naona watu wamekaa kwenye nyasi. Kuna mama amejifunika blanketi, siye. Kuna mzee amelala, mguu wake umefungwa... Gito. Mguu umefungwa na Falkirk.

Gitonga: Na yeye?

Alfred: Amepiga magoti hapo. Miguu mitupu. Namwona, kaka! Ameniona! Ananipungia. Hapana, ananipigia kelele nisikanyage vioo.

Gitonga: Ndio yeye. Huyo ndio yeye. Mpe simu.

Alfred: Nakimbia, ngoja nifike—

Gitonga: Mpe simu, Alfred!

Alfred: Shemeji! Shika, shika haraka, ni mumeo, betri ina—

[mlio mrefu. Simu inakatika.]

Gitonga: Haloo? Philister? Haloo? ... Ongea, mama. Ongea tu, nakusikia.