Pale Chini Kuna Nani?

Asifiwe Bwana! Nilisikia jembe likichimba kaburi langu, na Yeye akalisikia pamoja nami!

Ndugu zangu, nilikuwa nimelazwa chini kwenye ghala la pamba la kijiji. Macho yamejifumba, hayataki kufunguka. Ulimi umekauka kama ngozi iliyoanikwa. Nje udongo unatoka, unaanguka, unatoka, unaanguka. Mtu akaingia, akanilazia ufito kuanzia kisigino mpaka utosini, akauvunja pale nilipoishia. Nikasikia ule mti ukilia ka! Akatoka akasema, "Ni mfupi. Msichimbe sana." Ilikuwa sauti ya shemeji yangu Otieno. Na mimi nilikuwa hai.

Sasa nirudi nyuma, ili msiseme Rhobi anapayuka. Naandika kwa mkono wangu, huu mkono uliojifunza kalamu kwenye kisomo cha watu wazima, na nimemwomba mwinjilisti asome mbele ya kanisa zima bila kuruka jina la mtu.

Mimi ni binti wa Kikurya, nimezaliwa Kerende. Niliolewa na Mjaluo, marehemu Onyango, tukahamia upande huu wa Serengeti. Ilipokuja operesheni ya vijiji tukabomolewa miji yetu ya zamani, tukapangwa kwa mistari hapa, Wakurya, Wajaluo, Waikoma, kila mtu na jirani asiyemjua. Onyango akafa. Nikabaki na binti mmoja, Akinyi, bado mdogo wa kubebwa mgongoni. Otieno, mdogo wa marehemu, akataka kunirithi. Nikakataa. Akacheka mbele za watu akasema, "Haya, nyar Kuria," yaani binti wa Wakurya, "tutaona nani atakuzika."

Baada ya hapo ndipo kiu ilipoanza. Si kiu ya jua, ndugu zangu. Nilimaliza mtungi asubuhi, mchana nikarudi kisimani, nikainama nikanywa kama ndama. Nilikula ugali kushinda mwanaume, na mwili unakwisha. Gauni likawa linanicheza. Mkojo hauishi. Na pale nyuma ya nyumba nilipokuwa nachuchumaa, wakaja sisimizi.

Walikuja kwa mstari mmoja mweusi, hawapotezi njia. Nilimwaga majivu, wakayazunguka. Nikahamia upande wa pili wa nyumba, kesho yake mstari umegeuka umenifuata. Nilipovua gauni jioni niliwakuta kwenye pindo. Wanawake kisimani walinitania, "Rhobi, duka la ujamaa halina sukari miezi mingapi sasa, wewe unawapa sisimizi nini?" Tukacheka. Lakini niliona wanatazama miguu yangu wakati wanacheka.

Nikaenda hospitali ya misheni, mwendo wa mchana kutwa. Hapo alikuwepo daktari mgeni aliyekuwa akichunguza watu wenye ugonjwa wa sukari. Alitupima damu na mkojo, akatupima uzito, akatuweka wawili pamoja, mimi mkondefu na mwenye duka mmoja mnene ambaye tumbo lake lilikuwa linatangulia kufika. Nikauliza inawezekanaje tuugue ugonjwa mmoja, huyu ameshiba na mimi nimekwisha? Akasema karibu na tumbo kuna kinyama kinaitwa kongosho. Ndani yake kuna vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyotoa homoni ya kuingiza sukari mwilini, isimwagike na mkojo. Yule mnene vyake vipo, vinafanya kazi, ila unene umeuzibia mwili masikio, vinaita mpaka vinachoka. Vyangu mimi vimekufa.

Nikasema, "Daktari, ndani yangu kuna vitu vimekufa na mimi natembea?"

Akasema ndiyo.

Nilishika tumbo langu. Tangu siku ile sijalala kifudifudi.

Akanipa insulini. Nikauliza inatoka wapi, akasema inatolewa kwenye kongosho la ng'ombe. Nilicheka, ndugu zangu. Kile kinyama tulikuwa tunakikata siku ya kuchinja tunamtupia mbwa! Ng'ombe ndio walionitoa kwa baba yangu nikaolewa, na sasa ng'ombe ndio walionizuia nisiende kwa marehemu.

Muuguzi akanifundisha kuchemsha sindano ya kioo na kujichoma pajani. Kwa kuwa kijijini hatuna jokofu, akaniambia nitie chupa ndani ya chungu chenye mchanga wa mto uliolowa, nikifukie kivulini nyuma ya nyumba, nikiache mdomo tu nje. Nikafanya hivyo. Nguvu zikarudi. Nikalima shamba la kijiji na wenzangu. Kosa langu ni moja: sikumwambia mtu. Niliona haya watu wajue kwamba nachomwa sindano kila asubuhi kwa sababu ndani nimekufa.

Na sisimizi hawakuacha kuja. Walipungua, lakini walikuja.

Basi ukaja msako wa walanguzi. Mwenyekiti wetu wakati ule alikuwa Makuri, na namtaja. Mtu alimnong'oneza kwamba kwa Rhobi kuna sukari imefichwa, sisimizi ni mashahidi. Akaja na mgambo mchana kweupe, Otieno anawaongoza. Hawakuingia hata ndani. Waliinama wakaufuata ule mstari mweusi nyuma ya nyumba, wakaenda nao polepole kama watu wanaofuata damu ya mnyama, mpaka kivulini. Wakafukua.

Nyinyi ni watu wa huku, mnajua maana ya chungu kilichofukiwa nyuma ya nyumba: ni cha mchawi. Ndani, mchanga umelowa. Ndani ya mchanga, vichupa vya maji meupe yaliyochafuka, na sindano. Na wiki ile ile Otieno alikuwa amezika mtoto wake wa kiume aliyevimba tumbo.

Wakarudi hatua nyuma, wote. Hilo ndilo lililonitisha.

Nikasema, "Ni dawa! Ni dawa ya hospitali, mwenyekiti, twende mkaulize!"

Makuri akasema, "Dawa ya hospitali inakaa kwenye kabati. Hii umeizika."

"Inatoka kwa ng'ombe," nikasema. Mjinga mimi! Nilidhani nawasaidia.

Otieno akauliza taratibu, "Ng'ombe wa nani?" Kisha akachukua jiwe la kusagia, akavunja kichupa kimoja kimoja. Sisimizi hawakugusa yale maji. Wakapita pembeni, wakaja kwangu.

Wakanifungia kwenye ghala la pamba mpaka niwataje wachawi wenzangu. Akinyi, sasa mtoto wa kutembea na kusema, akachukuliwa na mke wa Otieno. Nilimsikia akilia njia nzima.

Ndani ya ghala, ndugu zangu, sijui niwaeleze nini. Kiu ilirudi ikiwa na hasira. Nikatapika. Pumzi yangu ikanukia kama ndizi zilizoiva kupita kiasi, ghala zima likanukia. Mgambo mlangoni akauliza, "Mama, umepata wapi ndizi humo?" Kisha nikamsikia mama yangu, aliyekufa zamani Kerende, akiita mbuzi nje ya ukuta, kwa majina, mmoja mmoja. Akamaliza mbuzi. Akaita jina langu, palepale kwenye mstari wa mbuzi, kwa sauti ileile. Sisimizi wakaingia chini ya mlango, wakanipanda. Mgambo alipochungulia akawaona kwenye mdomo wangu, alikimbia akaacha rungu.

Ndipo wakasema nimekufa. Ndipo ufito. Ndipo jembe.

Lakini Bwana! Alimtuma Mama Nyangi, mnayemjua, aliyeketi hapo benchi la akina mama. Aliitwa kuniosha, kwa sababu wengine walikataa kunigusa. Alinigeuza, akaweka shavu lake puani pangu, akatoka nje na kitambaa mkononi akasema, "Nani kawaambia huyu amekufa? Anapumua!"

Otieno akajibu, "Mchawi hupumua hata akifa."

Lori lilikuwa limekuja kupakia pamba. Mama Nyangi akaenda kusimama mbele ya gurudumu akamwambia dereva, "Mura, kijana wangu, huondoki hapa bila huyu. Ukitaka kuondoka, nipitie mimi kwanza." Dereva akatazama ghala, akatazama shimo, akasema, "Mpakieni. Lakini akae juu ya pamba, si mbele na mimi."

Nilizinduka hospitali, mrija mkononi, Mama Nyangi anaimba kwa sauti ya chini. Yesu alinirudisha, kwa mkono wa mama mmoja na kongosho la ng'ombe. Siku hiyo nilimpa Bwana maisha yangu, na sijayadai.

Nilipopata nguvu nilirudi kumchukua mwanangu. Nilifika mchana. Watu waliniona kwa mbali, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, mstari mzima, kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Nikafika nyuma ya ghala. Kaburi limejaa, udongo umeinuka, umepigwa vizuri. Maana Wajaluo, mtu akipotea na maiti isionekane, huzika tunda la mwegea badala yake, lile refu, zito kama mtoto mchanga. Otieno, akishikilia kwamba nimekufa, alilifunga kwenye kitenge changu, akalizika kwa jina langu. Watu walilia. Ng'ombe wangu mwenyewe alichinjwa.

Akinyi alikuwa amesimama juu ya udongo huo. Nikamwita. Akanitazama, hakukimbia. Akasema, "Mama yangu yuko hapa chini." Na kando ya mguu wake, mstari mweusi ulitoka ilipokuwa nyumba yangu, ukaingia kaburini.

Tangu hapo naishi karibu na hospitali, bila mwanangu, nafagia wodi, dawa yangu inakaa kwenye jokofu lao. Makuri alihama, ila habari hizi zitamfikia. Otieno aliokoka, sasa ni mzee wa kanisa, anapitisha kikapu cha sadaka. Akinyi amekulia nyumbani kwake, anakaribia kubatizwa. Ananiamkia "shikamoo" kama anavyomwamkia mgeni yeyote. Jumapili iliyopita mchungaji alimuuliza jina la mama yake. Akasema, "Marehemu Rhobi." Mimi nilikuwa benchi la nyuma.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu kwa uhai huu, kwa kila asubuhi ninayochoma paja. Na wewe unayeugua kwa siri kwa kuona haya, mwamini Yesu, na usiiache sindano, na mwambie hata jirani mmoja. Siri ndiyo ilinipeleka ghalani. Mwamini! Alinitoa mimi, atakutoa na wewe!

Lakini kusamehe sijamaliza, na sitadanganya madhabahuni. Otieno, shemeji yangu, uko hapo mbele. Simama. Sitaki ng'ombe, sitaki uniombe radhi faraghani. Kabla mtoto hajaingia majini, chukua jembe lilelile, mbele ya kanisa hili, mchana, ufukue. Toa kitenge changu, kifungue. Halafu mtazame Akinyi umjibu yeye, si mimi: pale chini kuna nani?