Jairus Walubengo na Shuka Yenye Pande Mbili

Ndugu Jairus Walubengo anastaafu tarehe 30 Juni 1958, baada ya miaka ishirini na moja katika gari letu la sinema hapa Kitale. Alianza kwa kubeba betri. Anaondoka akiwa mfasiri na, kwa maoni yake mwenyewe, tabibu wa nafsi za watu. Mimi ndimi dereva wake, kwa hivyo nimetibiwa sana.

Kazi ilikuwa rahisi. Tunafika sokoni, tunatundika shuka, tunaonyesha sinema fupi ya michoro ili watu wakusanyike, kisha sinema tuliyotumwa kuleta: jinsi ya kuogesha ng'ombe ili kupe wafe. Ile ya michoro ilikuwa hadithi ya mwana wa mfalme aliyefungiwa mnarani, jitu linalolinda lango, na bata wa mfalme. Ilizungumza Kiingereza, basi Jairus akapewa kipaza sauti awaeleze watu kwa Kiswahili.

Weee! Siku ya kwanza alilia. Akatuambia kwamba huyo mwana wa mfalme ni yeye. Mwaka uliofuata akagundua kuwa yeye pia ndiye mnara. Tangu hapo, kuanzia Matisi hadi Lwakhakha, hakuna aliyesalimika: kila mtu aliambiwa jitu limo ndani yake na lango ni lake kulifungua. Sinema ya dakika nane ikameza jioni nzima, na ile ya ng'ombe ikakosa nafasi. Kupe walinenepa, lakini wenye ng'ombe walijitambua. Gichuki, fundi cherehani wa Matisi, alifunga kazi wiki nzima ati anamtafuta mtoto aliyefungiwa moyoni mwake. Suruali yangu ilikuwa kwake.

Nyumbani hakukuwa na kicheko. Kila alipokosana na mkewe, Edah, Jairus alimweleza yeye ni nani katika hadithi: leo jitu, kesho bata wa mfalme. Kuomba msamaha hakujua. Januari Edah alifunga mizigo akarudi kwa mamake Kamukuywa, na Jairus akaanza kuogopa kustaafu. Angestaafu aende kukaa na nani?

Mwezi uliopita zamu ikafika Kamukuywa. Huko mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, kwa hivyo shuka yetu hutazamwa pande zote mbili: wanaume mbele, mama wakwe zao nyuma. Edah alikaa nyuma, kando ya mamake. Jairus hangeweza kuvuka.

Mwana wa mfalme alipofika langoni, mfasiri wetu akaiacha hadithi. Halafu soko zima likasikia: Edah, hakuna jitu hapa, bana. Ni mimi tu, na nimekukosea. Rudi nyumbani. Tulimhurumia sana.

Mama mkwe, ambaye desturi haimruhusu kumsemesha, aliiambia shuka imwambie yule mtu kwamba amesikika, sasa alete ng'ombe. Jioni hiyo ng'ombe wa sinema waliogeshwa mpaka mwisho, na watu wakapiga makofi.

Edah amerudi nyumbani kwao Matisi, kwa sharti kwamba haitwi bata tena.

Ahsante, Jairus, kwa sauti yako na kwa safari zote. Tunakuombea uzee wenye afya na chai ya moto. Zawadi yetu ni ile shuka kuukuu. Itundike uani, ili mama mkwe akija kumwona binti yake kila mmoja awe na upande wake. Na akiisemesha shuka, wewe sikiliza tu. Usifasiri.