Naipanoi Aomba Ukalimani

Mwaka 1911, kwenye foleni nje ya boma la Wajerumani la Arusha, nilisimama nyuma ya Naipanoi, binti aliyesoma misheni. Mzee mmoja alimuuliza shida yake.

"Nimekuja kuomba kazi ya ukalimani, baba."

Mzee alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Hakuna aliyemwokotea. "Mwanamke? Hiyo ni kazi ya watu wa pwani, mwanangu. Rudi Oldonyo Sambu ukakamue ng'ombe."

"Nimekamua tangu utotoni. Mama alipopatana na mlowezi mmoja kuhusu shamba letu, mkalimani wa mlowezi hakujua Kimaa, lugha yetu, akabuni maneno. Shamba likaenda."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze kwa Kijerumani. Nitawajibu kwa Kijerumani."

Askari akafungua mlango, akaita anayefuata. Naipanoi akaingia bila kugeuka. Mzee akasogea mlangoni kusikiliza.