Mzee Mzizi, Aliyeiuliza Mashine Jina Lake

Kitu cha kwanza ambacho sisi wapwa zake tulikiona kwa mjomba wetu ni mikono yake. Alipokaa mbele ya kompyuta aliandika haraka, kisha ghafla akaitoa mikono kwenye kibodi na kuificha kwapani, kama mtu aliyeshikwa na baridi. Akasoma kwa sauti ya chini alichokiandika, neno kwa neno mpaka mwisho. Ndipo akatoa kidole kimoja tu na kubonyeza. Tukiwa wadogo tuliamini kwamba mashine zile zinauma. Tulipokua tuligundua kwamba mjomba naye aliamini hivyo hivyo.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1962, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango wa nne kutoka kwenye tangi la maji. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mshika bendera wa stesheni, na mama yake alishona sare za shule. Mama yetu, ambaye ni dada yake mdogo, anakumbuka jinsi babu alivyotamka namba ya treni kwa sauti kabla ya kuinua bendera ya kijani, hata kama hapakuwa na mtu wa kumsikia. Watoto walimcheka. Yeye aliwaambia kwamba bendera ikishapepea, treni haikuulizi tena. Kati ya watoto watano, mmoja tu hakucheka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, na sekondari kuanzia 1977 hadi 1980. Kisha alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu cheti cha umeme na simu mwaka 1983. Mwaka 1989 mwajiri wake alimpeleka masomoni kwa miezi sita kujifunza kuendesha kompyuta za mfumo wa Unix. Darasa lile lilikuwa na wanafunzi kumi na wanane na mashine moja, kwa hiyo amri nyingi walijifunza kwa karatasi. Mwanafunzi aliandika amri, akaipeleka mezani, na mwalimu ndiye aliyekuwa mashine. Ukikosea herufi moja, mwalimu alikukazia macho na kusema, “Amri haijulikani,” kisha akakurudishia karatasi hata umwombeje. Marehemu alisema hakuwahi kukutana na mashine kali kuliko mwalimu yule.

Kazi aliianza Jumatatu, tarehe 2 Aprili 1984, akiwa fundi wa simu wa hospitali ya rufaa, na hospitali hiyo hakuiacha tena. Kompyuta zilipofika alikabidhiwa yeye. Katika mfumo ule kuna akaunti moja yenye mamlaka juu ya kila kitu. Inaweza kuumba na kufuta bila kuulizwa, na jina lake ni mzizi. Anayeingia kwa akaunti hiyo huonyeshwa kwenye kioo alama ya reli, mistari miwili iliyokatizwa na mingine miwili, na marehemu alisema alama hiyo ilimkumbusha baba yake kila siku. Wafanyakazi wenzake wakamwita Mzee Mzizi. Sifa za jina hilo zilivuka ukuta wa hospitali. Siku moja mama mmoja mwenye maumivu ya mgongo alibisha mlangoni kwake akiomba dawa ya kuchemsha, kwa kuwa alisikia kwamba hospitali imeajiri mtu wa mizizi. Marehemu alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamsindikiza mwenyewe hadi kwa daktari. Aliporudi alisema huyo ndiye mgonjwa pekee aliyemtibu bila kuogopa.

Ndugu waombolezaji, hatutakuwa wakweli tukisoma maisha yake bila kuisoma siku ya Jumanne, tarehe 8 Oktoba 1996. Asubuhi hiyo alikuwa na madirisha mawili meusi kwenye kioo kimoja, yote yakiwa na alama ya reli. Moja lilikuwa la mashine ya mazoezi, ya kujaribia amri tu. La pili lilikuwa la mashine ya benki ya damu. Alikusudia kuizima ya mazoezi. Simu ililia, akajibu, akarudi, akaandika amri ya kuzima, akabonyeza. Siku hiyo hakusoma kwa sauti. Mashine ya mazoezi iliendelea kuunguruma mbele yake, na papo hapo akajua ni ipi iliyonyamaza.

Kwa dakika arobaini na saba hospitali haikuweza kuona ni damu ipi iko kwenye jokofu lipi, na katika chumba cha upasuaji alikuwapo mama aliyejifungua huku damu ikimtoka bila kukoma. Wauguzi walifungua majokofu na kusoma chupa moja moja. Mama yule alipona, na mtoto wake pia. Lakini marehemu hakula kwa siku mbili. Aliandika taarifa mwenyewe kabla ya kuitwa, akaipeleka kwa mganga mkuu, naye mganga mkuu akamuuliza ilikuwaje. Jibu lake lilikuwa neno moja: “Nilidhani.”

Tangu siku hiyo neno hilo lilipigwa marufuku katika ofisi yake. Na tangu siku hiyo, kabla ya kutoa amri yoyote, aliiuliza mashine kwanza: Wewe ni nani? Kuna amri ya kuuliza hivyo, na mashine hujibu kwa jina lake. Wengine walimcheka, wakisema mtu wa miaka yote hii hajui amekaa mbele ya nini. Yeye alijibu kwamba kuuliza si ujinga, na kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Tarehe 7 Septemba 1991 alikuwa amefunga ndoa na karani wa masijala wa hospitali hiyo hiyo. Shangazi yetu, ndivyo tunavyomwita mkewe, husimulia kwamba barua ya posa aliletewa mkononi, lakini mwandishi wake alikataa kuiachia mpaka amemsomea yote kwa sauti na kumuuliza kama kuna neno hakulielewa. Walijaliwa watoto watatu. Nyumba yao ilikuwa ya upendo, lakini ilikuwa na hofu yake. Simu ilipolia wakati wa kula, vijiko vyote vilisimama njiani. Hakuna aliyetafuna mpaka baba aseme “sawa.” Asiposema, shangazi alishamletea viatu.

Miaka kumi na mitatu ya mwisho aliitumikia mashine moja zaidi ya nyingine zote. Ndiyo inayopokea majibu ya vipimo vyote vya maabara na kuyapeleka wodini. Wauzaji waliileta na jina refu lenye tarakimu. Yeye akaipa jina la Bibi, kwa sababu kila mtu humtegemea na hakuna anayeuliza ameamkaje. Bibi hajazimwa tangu tarehe 3 Februari 2014. Wakubwa walijivunia jambo hilo kwenye mikutano. Marehemu lilimnyima raha. Alisema mashine isiyozimwa ni kama mzee asiyewahi kuugua: siku akilala, hujui kama ataamka.

Alitufafanulia hofu hiyo nasi tukaielewa. Mashine ya aina ile ina kumbukumbu za namna mbili. Yapo unayoiambia kwa mdomo ikiwa macho, nayo huyashika. Na yapo iliyoandikiwa kwenye faili zake, ambayo huyasoma inapoamka. Ikizimwa, ya mdomo yote hupotea. Katika miaka kumi na moja Bibi alikuwa ameambiwa mengi kwa mdomo, na mtu akisema “nitaandika kesho,” simu hulia. Alipofikisha umri wa kustaafu mwaka 2022 hospitali ilimwomba abaki kwa mkataba. Mwaka jana ikatangazwa kwamba nyaya za umeme za jengo zima zitabadilishwa na kila kitu lazima kizimwe. Akafungua daftari na kuanza kuorodhesha kila alichowahi kumwambia Bibi kwa mdomo, na kukiandika kwenye faili kimoja kimoja. Alifanya kazi hiyo na msaidizi wake, ambaye ofisini anaitwa Kidole. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka, basi yeye alisoma na binti huyo akabonyeza. Walifika jambo la thelathini. Marehemu alisisitiza kwamba yako thelathini na moja, lakini la mwisho halikumjia.

Ugonjwa ulianza Novemba 2024, alipoanza kupoteza majina ya vitu. Ufunguo ukawa “kile cha mlangoni.” Januari mwaka huu madaktari waligundua uvimbe kwenye ubongo. Alilazwa katika hospitali yake mwenyewe, ghorofa moja juu ya ofisi yake, na majibu ya damu yake yalipitia kwa Bibi. Tarehe 2 Aprili shangazi aliingia wodini na mumewe akamtazama na kumuuliza, “Wewe ni nani?” Shangazi alishindwa kujua kama ni mazoea au ni maradhi. Aliulizwa hivyo kila siku, na kila siku alijibu kwa jina lake kamili. Alituambia kwamba kilichomtisha si swali, bali kwamba asubuhi moja jibu lisingetosha.

Jumapili, tarehe 4 Mei, Kidole alikuja kumjulia hali. Akaulizwa yeye pia. Akajaribu utani wao wa ofisini na kutaja jina waliloipa mashine yao ya mazoezi.

“Mimi ni Shangazi, Mzee.”

Marehemu alitikisa kichwa. “Bibi akiamka, utamuuliza. Hatajua.”

“Hatajua nini?”

“Jina. Nilimwambia kwa mdomo.”

Shangazi yetu mwenyewe alikuwapo, na anasema binti yule aliteremka ngazi bila kuaga. Alimuuliza Bibi jina lake, na Bibi akajibu sawasawa. Kisha akafungua faili ambayo Bibi huisoma anapoamka, akakuta jina lile la wauzaji, lenye tarakimu. Bibi angeamka akijiita mtu mwingine, na mitambo ya maabara isingemtambua wala kumpa jibu hata moja. Kidole aliandika jina, akaondoa mikono, akasoma, akabonyeza. Aliporudi juu kuuliza kama hilo ndilo la thelathini na moja, au kama kuna jingine, mzee alikuwa amelala. Hakuzungumza tena kwa ufasaha. Aliaga dunia Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, saa tano na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, binti wawili na mwana mmoja, wajukuu wanne, dada wawili, kaka mmoja, na sisi wapwa zake tisa. Ameacha pia daftari moja lenye mistari thelathini na mmoja. Wa mwisho ni mwandiko wa Kidole, na pembeni yake ameweka alama ya kuuliza.

Mjomba wetu sasa apumzike, mikono yake ikiwa nje ya kwapa. Hakuna tena simu itakayomnyanyua mezani.

Keshokutwa Alhamisi, saa nne asubuhi, umeme wa jengo utakatwa ili uhamishiwe kwenye nyaya mpya, na Bibi atazimwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja. Nakala za majibu yote zipo, lakini nakala ni picha ya Bibi, si Bibi. Jana Kidole alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti, akakiri kwamba anaogopa, kwa sababu hajawahi kubonyeza bila kusomewa. Shangazi alilichukua daftari, akavaa miwani, akamwambia, “Nitakuja kukusomea, mwanangu. Nimesoma majalada miaka thelathini.” Basi saa sita mchana umeme utarudi. Shangazi atasoma, binti atabonyeza, na kioo kitakaa cheusi kwa muda ambao hakuna anayeujua. Kikiwaka, watamuuliza Bibi maneno yale matatu. Sote tunasubiri atakavyojibu.