Mkono wa Mwosha Magari

Benchi letu liko mbele ya studio ya Flashi, mpiga picha, likitazamana na pale Povu alipokuwa akiosha magari. Povu alifariki mwezi uliopita. Binti yake, aliyelelewa kwa bibi yake mbali na hapa, ameomba picha kubwa ya baba akiwa kazini, maji yakimrukia. Picha pekee iliyopo ni ya kitambulisho. Basi leo Flashi kamvalisha Kinyozi ovaroli, kampa mpira wa maji, kamwambia aupulizie mlango wa gari mpaka maji yamrudie. Mara tatu. Sasa Kinyozi anatetemeka na kikombe chake cha kahawa, Flashi kapakata kompyuta anabandika kichwa cha kitambulisho juu ya mwili wa Kinyozi, na sisi wengine tumekuwa mafundi.

— Maji yametoka vizuri, alisema Flashi. Taa niliiweka nyuma, ndiyo maana kila tone linawaka. Kinachonisumbua ni kichwa.

— Kina nini? aliuliza Wakili, ambaye mahakamani hajawahi kukanyaga, ila hapa hashindwi hoja.

— Kikavu. Mtu anayerukiwa na maji hakodoi macho hivi.

— Mfumbe macho.

— Nikimfumba, binti atamwona maiti.

Kinyozi akakamua mkono wa ovaroli.

— Mwekee matone usoni, alisema Kinyozi. Mimi nimelowa mpaka soksi, yeye awe mkavu kwa nini?

— Nimeweka. Anaonekana analia.

— Basi ongeza, alisema Wakili. Mfunike kabisa. Maji yakiwa mengi, sura haina haja ya kufanana.

— Hiyo itakuwa picha ya bomba lililopasuka.

— Sikiliza, bwana. Yule mtu tulimwona kila siku ndani ya maji. Nakwambia ukitoa sura ukaacha maji, mtaa mzima utasema huyu ni Povu.

— Wakili, kahawa yako inapoa.

Binti akatokea kwenye kona, mtandio mweusi, hatua za mgeni.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanetu. Karibu.

Flashi akamgeuzia kompyuta. Binti akaitazama picha kwa muda mrefu.

— Mikono hii ya nani?

— Yangu, mama. Uniwie radhi, alisema Kinyozi.

— Hapana, imependeza. Nilitaka kuuliza tu. Baba alikuwa anashika mpira kwa mkono gani?

— Wa kulia, alisema Kinyozi upesi.

— Una hakika, au ndivyo ulivyoshika wewe leo? aliuliza Flashi.

Kinyozi akaitazama mikono yake.

— Mimi natumia kushoto, alisema binti. Upande wa mama hakuna anayetumia kushoto. Bibi alinichapa sana kwa ajili hiyo. Nikasema nyinyi mmekaa naye, mtanijulisha kama mkono huu nimeutoa kwake.

Flashi akainamia kompyuta bila kugusa kitu. Binti akatutazama mmoja mmoja, kwa adabu, akingoja.

Niliona aibu. Miaka kumi na mitatu Povu alinioshea gari kila Jumamosi, mimi nimekaa papa hapa, nimemwelekea. Nikafumba macho nimtafute. Nikaliona gari langu tu, limetakata, linang'aa.