Mashine ya Mama Miran

Mbele ya duka la dobi Noh, pale kichochoro kinapopinda kuelekea soko la samaki la Gunsan, kuna kibaraza cha mbao ambacho hakuna anayejua kilinunuliwa na nani, na hakuna anayekubali kiondolewe. Kila asubuhi watu ni walewale: viatu chini, miguu imekunjwa juu, vikombe vya karatasi mkononi, kahawa ya pakiti iliyokorogwa kwa pakiti yenyewe. Asubuhi hiyo mabeseni ya kabichi yalikuwa yamepangwa pembeni, yamelowekwa chumvi tangu jana, maana wiki ya kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachua ya kula majira yote ya baridi, ilikuwa imewadia. Na katikati ya kibaraza, juu ya taulo safi, Mama Miran alikuwa ameweka mashine.

Ilikuwa mashine ndogo nyeupe yenye tangi la maji na mrija mwembamba wa kurusha maji katikati ya meno. Miran, binti yake, alimletea kutoka Seoul ile siku ya wazazi ya mwezi wa tano, baada ya mama kupandikizwa meno mawili ya chini. Daktari alikuwa amesema waziwazi: mswaki usipofika, maji yafike kila siku, la sivyo fizi zitaoza na meno yatatoka. Mama Miran alishukuru, akaipangusa vumbi ambalo haikuwa nalo, akairudisha kwenye boksi lake na kuliweka juu ya kabati. Kitu kizuri namna ile hakianzwi hivihivi. Kila jioni Miran alipiga simu, na kila jioni alijibiwa: nimetumia mwanangu, raha tupu.

Sasa fizi ilikuwa imevimba na kutoa damu. Basi la Miran lilikuwa linafika kabla ya chakula cha mchana. Anakuja kusaidia kabichi, na kesho yake ampeleke mama kwa daktari.

— Jamani, nina swali moja tu, alisema Mama Miran. Hiki kitu kinatumika kabla ya mswaki au baada?

— Kijitabu chake kiko wapi? aliuliza dobi Noh akiwa mlangoni, mvuke wa pasi nyuma yake.

— Nimekikunja chini ya mguu wa kabati. Lilikuwa linayumba.

— Basi niulizeni mimi, alisema Kanali.

Huyu jina lake ni Bwana Tak. Wanamwita Kanali kwa kuwa haachi kusimulia habari za jeshini, ingawa kila mtu anajua huko alikuwa akipika wali. Alisogea huku akishika kiuno na kuguna.

— Hapa pana namba tatu. Unaanza na ya juu kabisa. Unashtukiza. Ukianza taratibu, uchafu unapata nafasi ya kujipanga.

— Kanali, hayo ni meno, si mpaka wa kaskazini.

— Ndiyo maana yamekushinda!

— Maji matupu hayafanyi kitu, aliingilia Mama Yeosu. Aliolewa kutoka mji wa Yeosu miaka chungu nzima iliyopita, na mpaka leo hana jina jingine mtaani. — Kwetu watu wanasukutua kwa chumvi, na wanavunja kaa kwa meno wakiwa na miaka themanini. Chumvi si hii hapa? Chota kwenye beseni, jaza.

— Maji ya kabichi?

— Kwani kabichi ina ugonjwa gani?

Mama Miran alipumua kwa nguvu. Aliwapenda watu hawa, lakini asubuhi hii alitamani kuwamwagia beseni zima kichwani.

— Nimeuliza kabla au baada. Kabla. Au. Baada.

— Mimi nafanya kazi ya madoa, alisema dobi Noh. Doa halitoki kwa maji baridi. Yachemshe.

— Nijichemshe ulimi?

— Unatoa ulimi pembeni.

— Pembeni wapi, bwana wee? Nje ya dirisha?

— Msicheze na hii kitu, Kanali alishusha sauti. Kuna mzee mmoja kule bandarini, maji yaliingia kwenye pengo la jino, yakatokea sikioni. Tangu siku hiyo anasikia wanachoongea nyumba ya tatu.

— Mke wake alisemaje? aliuliza Mama Yeosu, macho yamemtoka.

— Mke kahamia kwa dada yake. Hana siri tena.

— Mbona mimi nilisikia yalitokea puani?

— Hayo yalianzia puani, yakaendelea.

— Mnanichosha! Mama Miran alipiga taulo kofi. Mtoto yuko njiani, fizi inanidunda kama ngoma, nyie mnanipa habari za pua! Hivi nyote hapa hamjapewa mashine kama hii? Kanali, mwanao hakukuletea?

— Aliniletea kiti cha kukanda mgongo, alisema Kanali. Kizuri sana hicho. Hata plastiki ya kiwandani sijaitoa.

— Na huo mgongo?

— Unaniua. Niongezee kahawa.

Dobi Noh alitikisa birika. Lilikuwa limebakiza vikombe viwili. Wakaanza kubishana nani avipate, na Mama Miran akaona hapa hapana msaada. Alichota maji ya kabichi kwa kikombe, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu, akajaza tangi. Akabonyeza ya juu kabisa, kwa kuwa ndiyo aliyoonyeshwa. Na akabonyeza huku mrija ukiwa bado mkononi, mbali na mdomo, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba unaingiza mdomoni kwanza.

Maji yalimpiga Kanali machoni, yakapita kwenye nywele za Mama Yeosu zilizotoka saluni jana, yakamalizia kwenye shati jeupe la mteja lililoning'inia mlangoni.

— Chumvi! Chumvi! alipiga kelele Kanali akijifuta. Nani kasema chumvi?

— Nani kasema ya juu?

— Zima, mama! Shati la watu hilo!

— Inazimwa wapi?

Mkono ukatokea nyuma yake, ukabonyeza kitufe, mashine ikazimika. Miran alikuwa amesimama hapo na begi begani, koti lake la Seoul limerushiwa matone. Alimtazama mama yake aliyelowa hadi kifuani. Akaichukua mashine, akaigeuza. Ile karatasi nyembamba inayobandikwa kiwandani ilikuwa bado iko palepale, haijabanduliwa hata pembe.

— Kila jioni, mama? alisema taratibu. Raha tupu?

Mama Miran aliona aibu ikipanda mpaka masikioni. Alitaka kusema alisahau, akashindwa. Alitaka kusema ilikuwa imeharibika, nayo ilikuwa ndiyo kwanza imelowesha kijiwe kizima.

— Ni nzuri mno, alisema mwishowe. Nilikuwa naitunza.

Miran alishika kidevu cha mama yake, akamwelekeza kwenye mwanga na kutazama ndani ya mdomo. Fizi ilikuwa nyekundu, imefura kuzunguka jino.

— Unamtunzia nani?

Mama Miran alimtazama Mama Yeosu. Mama Yeosu, ambaye ana koti la manyoya kutoka kwa mkwewe, lenye kibandiko cha dukani mpaka leo, aliinamia kabichi zake. Dobi Noh alikumbuka ana pasi kwenye moto.

Miran alikwenda kwenye bomba la dobi, akamwaga yale maji ya chumvi, akasuuza tangi, akajaza maji vuguvugu. Alirudi akapiga magoti mbele ya kibaraza.

— Fungua mdomo, mama. Tunaanza na ya chini kabisa.

— Na mswaki? Kabla au baada?

— Yoyote, mama. Yoyote ingefaa.

Kanali aliteremsha miguu akaanza kutafuta viatu vyake, huku akiguna.

— Unakwenda wapi? aliuliza dobi Noh. Kikombe cha mwisho ni chako.

— Kinywe wewe, alisema Kanali. Una mkasi wa kuniazima? Ile plastiki ni ngumu.